Mfereji Niliochimba Kutoka Joshoni

Ng'ombe wa kwanza alianguka akiwa bado ameinamia maji. Nilikuwa ukingoni, jembe mkononi. Miguu ilimtetemeka, povu likamtoka mdomoni, akalala ubavu akirusha mateke. Kabla hajatulia, wa pili akaanguka, kisha wa tatu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kijijini kwetu upande wa Endamarariek, wakati Karatu bado iko chini ya Wilaya ya Mbulu. Nilikuwa mhudumu wa josho la kijiji. Nilichanganya dawa ya kupe na kuswaga ng'ombe waogelee ndani ya lile handaki la saruji. Dawa ikishachoka na kujaa matope, bwana mifugo alituagiza tuimwage kwenye shimo refu, mbali na mto. Shimo hilo halikuchimbwa.

Siku mbili kabla ya hapo mwenyekiti wa kijiji alikuja akihema. Wakubwa wa wilaya wangekuja wiki hiyo kukagua josho, na dawa iliyochoka bado ilikuwa imejaa ndani.

"Chimba mfereji, dawa yote iende mtoni," aliniambia.

"Mzee, watu wa chini wanakunywa maji yale."

"Mto unatembea. Uchafu utaishia Ziwa Eyasi huko. Au nimtafute mwingine anayeitaka kazi hii?"

Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Nikachimba. Nikachota kwa debe siku mbili, na mto ukageuka rangi ya jivu, harufu ikikaba koo. Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa nafukia mfereji ule, ndipo ng'ombe wale wakaja kunywa.

Walikuwa ng'ombe wa mama mmoja mjane, jirani yetu. Kufika saa nne, ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wamelala. Mkwe wake, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa ameyanywa maji yaleyale. Alitapika mpaka damu, na mimba ikatoka.

Wanaume walikuja mbio na fimbo na marungu. Mwenyekiti alikuwa katikati yao, akaninyooshea kidole.

"Huyo hapo! Mimi nilimkataza!"

Rungu la kwanza lilinivunja taya. Nilianguka, wakanipiga mgongoni, mbavuni, kichwani. Waliokuwa wakinipiga niliwajua wote. Mmoja alikuwa amesimama shahidi kwenye ndoa yangu. Walinikokota hadi mtoni, wakanizamisha uso.

"Kunywa! Kunywa dawa yako!"

Nilikunywa. Koo liliungua kama nimemeza moto. Waliniinua nikatapika, wakanizamisha tena.

Aliyewazuia ni yule mama mjane. Aliwasukuma, akanishika nywele, akaugeuza uso wangu kwake.

"Nani alikutuma?"

Sikuweza kusema. Nilinyoosha mkono kwa mwenyekiti. Mama akamwendea, akamzaba kofi lililomwangusha kofia. Hakuna mwingine aliyemgusa. Fimbo zote zilizonishukia mimi zilibaki zimeelekea chini.

Mahakamani nilifungwa miezi sita. Mwenyekiti alikuwa shahidi, akaapa kwamba alinikataza. Hakimu aliniuliza kama nina karatasi ya kuonyesha nilivyoagizwa. Nani huandikiwa amri ya namna ile?

Nilipotoka, mama yule alinikuta kwangu. Alikuwa ameshapanda lori kwenda Mbulu mara tatu kumshtaki mwenyekiti, na mara tatu ameambiwa hana ushahidi.

"Wewe ndiye ushahidi," alisema. "Jiandae."

Tulikwenda pamoja. Nilieleza yote, taya likiniuma kila neno. Baada ya miezi kadhaa mwenyekiti alivuliwa cheo. Hakushtakiwa, na mama hakufidiwa hata mbuzi. Josho lilirudi kufanya kazi, na hakuna mtu wa wilaya aliyetumwa kupima maji yale wala kumwona mkwe wake.

Nimekuwa nikisema tangu hapo, kwenye kila mkutano ninaopewa nafasi, kwamba anayeagiza mto utiwe sumu ajibu mahakamani kabla ya mwenye jembe. Watu hunipigia makofi.

Lakini siku ile, tukirudi kutoka Mbulu juu ya lori, nilimwomba mama anisamehe. Alikishusha kitambaa alichojifunika puani kwa ajili ya vumbi.

"Mwenyekiti hakuwahi kuchota maji ya mto ule kwa mikono yake," alisema. "Wewe uliyachota tangu utoto. Ulijua nani yuko chini, mwanangu, na bado ukachimba."