Mkongomani niliyefunga naye maboksi ndiye aliyenifundisha maana ya neuron

Wakuu, poleni na majukumu. Ninayoandika yalinitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi. Ningeongeza, ningejipendelea.

Miaka ya mwanzoni mwa 2000 nilikuwa huku ughaibuni, Fort Worth, nasoma nursing huku nafanya kazi warehouse moja Haltom City.

Anatomy nilishafeli mara moja. Sheria ya chuo ilikuwa fupi: ukifeli tena, unatolewa kwenye program. Na huko Moshi mama alishatangaza kanisani kwamba mwanawe ni nesi.

Nilisoma kama tulivyozoea kwetu, kwa kukariri. Neuron, axon, dendrite, glia. Asubuhi ninazijua, mchana zimeyeyuka. Niliogopa sana.

Niliyekuwa nafunga naye maboksi ni Papa Déo, mkimbizi kutoka Bukavu, mtu wa makamo. Kiswahili chake nilikirekebisha kila siku bila kuombwa. Watanzania tuna huo ugonjwa: mtu akichapia Kiswahili, tunaamua hajasoma.

Siku moja wakati wa lunch nilikuwa nanong'ona maneno ya kwenye kadi zangu za kukariria, akaniuliza nasali nini. Nikamjibu ni sayansi, ngumu kidogo. Hiyo "kidogo" niliitamka kwa kumhurumia.

Akachukua kadi zangu, akasoma, akasema hicho ni Kigiriki.

Neuron, Wagiriki wa kale waliita hivyo kano, hata ugwe wa upinde. Baadaye ndipo wataalamu wakaipa seli ya neva jina hilo. Dendron ni mti, ndiyo maana dendrite ni vile vitawi vya seli vinavyopokea taarifa. Axon ni ekseli. Kwenye glia akavuta tape ya maboksi, akanigusisha upande unaonata. Gundi. Waliozipa seli hizo jina waliona zinashikilia seli nyingine.

Nilisahau kutafuna.

Kumbe alikuwa mwalimu wa Kigiriki na Kilatini seminari, mpaka vita ilipomtoa.

Tukasoma hivyo kila lunch hadi mtihani. Nikafaulu. Nilipompelekea habari, nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema kwamba ni mwalimu.

Aliendelea kufunga boksi lake.

"Hapa hakuna mutu aliniulizaka. Hata weye, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata nafuu.

Leo mimi ni nesi Irving. Yeye alistaafu na mgongo mbovu, hadi siku ya mwisho akiandikwa packer.

Nilichojifunza ni kwamba nilimsahihisha mtu miezi minane na sikumuuliza swali hata moja la maana.

Haya, tuambieni: huyo unayefanya naye kazi alikuwa nani kabla ya kuja huku? Kama hujui, kamuulize kwanza, ndipo uje u-comment.