Okidi ya Baba na Maji ya Udhu

Kwetu maji ya udhu hayamwagwi ovyo. Yakibaki kwenye birika hupelekwa kwenye mmea: mchaichai, mpilipili, chochote kilicho karibu na mlango. Nimekua nikiona hivyo, na hakuna mmea uliowahi kulalamika, maana udongo wa Kampala hukubali kila kitu. Ndiyo maana haikunijia akilini, nilipohamia Kansanga kukaa na Mama kwenye eda yake, kwamba alikuwa anaiua okidi ya Baba mara tano kwa siku.

Baba aliinunua kwa wauza miche wa barabara ya Ggaba ikiwa majani matupu, akaiweka dirishani sebuleni na kuisubiri. Miaka ikapita, haikutoa ua hata moja. Tulimtania kwamba ameuziwa kabichi. Yeye alicheka tu, akasema itatoa ikitaka. Kisha akafa, na wiki chache baada ya maziko ikachomoza kikonyo, na juu ya kikonyo vitumba vinne vya kijani.

Mama hakusema ni ishara. Ana dini ya kutosha kutosema hivyo. Lakini aliihamishia karibu na msala wake, akaitumbukiza na chungu chake cha plastiki ndani ya bakuli la kaure, lile la wageni, ambalo halina tundu. Kila akimaliza kutawadha aliimiminia yaliyobaki. Waliokuja kumpa pole walionyeshwa vitumba kabla ya kupewa chai.

Kilichonishtua ni harufu. Asubuhi moja nilikuwa nafagia, nikanusa kitu kama maji ya vyombo yaliyolala. Nikainua chungu. Maji yalinichuruzika hadi kiwikoni, na mizizi iliyochungulia chini ilikuwa ya kahawia, laini. Nilipoubana mmoja, ganda lilichomoka ukabaki uzi.

Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Wakuza okidi wote walisema jambo lilelile: okidi inayotaka kuchanua usiihamishe chungu, iache mpaka maua yaishe. Ila kama mizizi inaoza, usingoje hata kidogo, na kikonyo ukikate, ili nguvu irudi chini. Yaani nikingoja, mmea unakufa. Nisipongoja, yanakufa maua ambayo Mama alikuwa akiyaamkia kila alfajiri.

Nikakimbilia lililo rahisi. Nilikwenda soko la Owino, nikarudi na chungu chenye matundu ubavuni na makumbi ya nazi. Makaa yalikuwepo jikoni. Nikakaa chini nikaanza kuyavunja vipande vidogo, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mama akasimama mlangoni. "Hayo makaa ya nini?"

"Ya okidi, Mama. Mizizi inaoza. Tuihamishe leo, na kikonyo tukikate."

"Kale, haya, utaihamisha maua yakishafunguka."

"Haitafika huko."

"Umekuwa daktari wa maua tangu lini? Majani si haya, kijani tupu?"

Majani yalikuwa kijani kweli. Huo ndio ubaya wa okidi, huoza chini huku juu inapendeza. Nilimsihi basi asiimwagie maji, angalau siku hiyo tu. Akaitikia kwa kichwa, nami nikaamini tumeelewana.

Adhuhuri nikamkuta ameiinamia, birika mkononi.

"Mama, ni wewe unayeiua!"

Sikusema, nilipiga kelele. Mjane, ndani ya eda, na sauti yangu nina hakika ilifika kwa jirani. Mama aliweka birika chini polepole, akageuka, akafunga swala. Sijda yake ya mwisho ilikuwa ndefu mno. Nilikaa jikoni nikitaka kumwomba radhi na wakati huohuo nikitaka kuichukua okidi nikimbie nayo. Nilikuwa na hasira naye bado. Sikuwa hata na aibu ya kuipunguza.

Alipomaliza alikuja akakaa kwenye mkeka mbele yangu, akatazama makaa.

"Daktari alisema apasuliwe wiki ileile," akasema. "Baba yako akaniambia, amua wewe. Nikasema tungoje, apate nguvu kwanza. Alikuwa anakula. Uso wake mzuri. Nikasema, banange, jamani, huyu mnampasua vipi?"

"Mama, sote tulikubali."

"Niliulizwa mimi."

Akanyoosha mkono. "Lete."

Nilileta okidi na mkasi nilioupitisha kwenye moto. Nikajitolea kukata mimi. Akakataa. Akaniuliza ni wapi, nikamwonyesha kwa ukucha, chini kabisa karibu na majani. Akasema Bismillahi, akakata.

Baada ya hapo tulianza kazi. Nilikung'uta uozo wote, nikakata mizizi iliyolainika. Iliyobaki mizima ilikuwa michache na mifupi, na nilipoishikiza katikati ya makaa na makumbi, mmea uliegemea upande kama mlevi. Nikaufunga kwenye kijiti. Sikujua kama utaishi, na nilimwambia hivyo, kwa sababu nilishachoka kumwahidi mtu kitu.

Kikonyo kilikuwa mapajani mwa Mama, juu ya nguo nyeupe. Alikichagua kitumba kikubwa kuliko vyote, akakipasua kwa ukucha, taratibu, tabaka kwa tabaka, kisha akakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kukitazama kwa muda.

"Zambarau," akasema. "Miaka yote ile, hakujua."

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Nikamshika kwa mikono yangu yenye masizi.