Hatua Nane Kutoka kwa Mikaratusi

Fundi alitaka hatua ishirini kati ya tangi la maji machafu ya choo na mikaratusi ya kaka yangu. Nikamwambia nane, maana mabomba si bure. Tulivutana mpaka chai ikapoa, akakubali huku akitikisa kichwa. Nilizipima mara mbili: nane kwenda, nane kurudi. Nilikuwa muuza mitumba pale Kebirigo, na muuza mitumba gani hukubali bei ya kwanza? Nilichosahau ni kwamba mikaratusi haikuwepo kwenye yale mazungumzo.

Choo chenyewe kilikuwa cha mama mkwe. Alikuwa ameteleza shambani kwake Gesima, kwenye majani chai, akavunjika nyonga. Hangeweza kuchuchumaa tena. Na hata angeweza, kwetu Wagusii mtu na mama mkwe wake hawaingii choo kimoja. Hiyo ni aibu isiyotoka kwa sabuni. Basi nikamleta kwangu, nikamjengea chumba cha pembeni chenye choo cha kukalia, cha kuvuta maji. Majirani walikuja kukitazama, wengine wakaomba wavute tu mnyororo wasikie.

Mwaka wa pili choo kikagoma. Ukivuta, maji yanapanda. Mama mkwe hasemi nami uso kwa uso, kwa hiyo alimwambia mke wangu, nami nimesimama nyuma ya ukuta, kwa sauti ya kufika sokoni:

"Mwambie baba watoto maji yake yanapanda juu kama yameitwa. Jumapili nikikuta bado, narudi kwangu."

Kwake kulikuwa na nyumba tupu na choo cha shimo. Angeanguka tena wiki hiyo hiyo, na hapangekuwa na wa kumwinua. Mke wangu alinitazama. Kisha akaniletea simu nimpigie fundi.

Fundi alikuja Ijumaa asubuhi. Alifunua tangi, akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini. Mizizi ilikuwa imepenya kwenye maungio ya bomba, ikaning'inia ndani kama wigi.

"Mzee, hizi ndizo zile hatua kumi na mbili ulizonipunguzia. Zote ziko humu."

Akaeleza dawa: kukata mizizi, kuziba maungio kwa saruji, kuchimba mtaro na kuzika mabati wima kati ya tangi na miti. Na mikaratusi miwili ya mbele ing'oke na visiki vyake. Yote kabla jua halijatua, kwa sababu fundi ni Msabato: Sabato yake huanza Ijumaa jua likitua, na Jumamosi hagusi hata mwiko.

Nikaenda kwa kaka yangu, tukasimama chini ya miti yake.

"Miti hiyo ndiyo mpaka," akasema. "Nikiitoa, kesho utaniambia mpaka uko jikoni kwangu."

"Kuni zote chukua wewe, ukauzie kiwanda cha chai."

"Zilikuwa zangu hata kabla hujafungua mdomo. Nipe hatua mbili za shamba."

"Mbili? Kaka, hata nusu..."

Dirisha la chumba cha pembeni likafunguka. "Mwambieni baba watoto ampe!" mama mkwe akapaza sauti.

Nikampa. Niliweka sharti moja: apande majani ya ng'ombe tu, asithubutu mti. Akakubali upesi mno, nikajua kwamba ningeweza kumshusha hadi moja.

Tuliangusha miti, tukang'oa visiki na kuchimba mtaro bila kula. Bati la mwisho liliingia jua likigusa kilima, na saruji ikapata Sabato nzima ya kukauka. Sijawahi kuipenda siku hiyo namna ile.

Jumapili nilisimama nyuma ya ukuta wangu wa kawaida. Mnyororo ukavutwa. Maji yakashuka. Ukavutwa tena, yakashuka tena.

"Mwambie baba watoto nimehesabu mara mbili," akasema mama mkwe. "Na mfuko wangu niliofunga, ufungueni."

Kaka yangu alipanda majani ya ng'ombe, kweli. Katikati yake kuna mche mmoja wa parachichi. Anasema ulijiotea.