Mbuzi Watatu na Usiku Mmoja Ghubani

Nthenya wa Kalamba hakuwahi kuomba bahari. Aliomba mbuzi watatu, tena si wa kula wala wa kufuga. Aliomba wale ambao mwanamume wa Kikamba huwapeleka kwa baba ya msichana akitaka awe mke wake, wanaoitwa ntheo. Kabla hawajafika, hakuna ndoa. Mnaweza kuzaa, mkajenga, mkafungishwa na mchungaji na cheti mkakitundika ukutani. Wazee watakunywa chai yako na kukuita Mama Fulani, lakini mioyoni mwao wanajua wewe ni binti wa watu uliyekuja kutembea ukasahau kurudi kwenu.

Nthenya alikuwa ametembea hivyo kwa Ndolo zaidi ya miaka thelathini. Si kwamba Ndolo alikataa. Ndolo si mtu wa kukataa kitu. Yeye ni shemasi kanisani, mdomo wake asali tupu, na kila akiombwa anakubali kabla hujamaliza kuomba. Mwaka wa ukame alisema mbuzi wamekonda, ni aibu kumpelekea mkwe mifupa. Mwaka wa mvua alisema mto Athi umefurika, na kwao Nthenya ni Mutomo, ng'ambo ya Athi, upande wa Kitui. Kisha ikawa karo, kisha ugonjwa wa mapafu ya mbuzi. Likaja daraja, ikaja lami, Ndolo akaanza kuumwa mgongo.

Na kila Nthenya alipokwenda Mutomo, baba yake, mzee Muthama, alimuuliza, "Nthenya, mbuzi zangu zimefika wapi?" Naye alijibu, "Ziko njiani, Nau," kwa maana nau ndivyo Mkamba anavyomwita baba yake. Zamani walikuwa wakicheka pamoja. Mzee alipopofuka macho kicheko kikaisha, swali likabaki.

Agosti iliyopita mambo yalielekea kunyooka. Binti yao Mbinya alikuwa amepata mchumba, na Ndolo akaona haya kupokea mbuzi wa binti ilhali wa mama hajawapeleka. Alikwenda soko la Kalamba akarudi na mbuzi watatu: mmoja wa kahawia mwenye sikio moja jeupe, mmoja mweusi, na mmoja wa madoadoa. Nthenya aliwafunga mwenyewe nyuma ya jiko. Akawakatia majani, akawachotea maji, akasimama kuwatazama mpaka ugali ukaungua. Habari ikapelekwa Mutomo kwamba Jumamosi wageni watakuja. Alikuwa amefurahi kama msichana, na nasema hivyo bila kumcheka.

Katikati ya wiki ndipo Mbinya alipopiga simu. Mbinya alifanya kazi pwani, katika meli ya kitalii inayozungusha wageni ghubani na kulala nao huko majini usiku mmoja. Biashara ilikuwa imedorora, vyumba vitupu, na kampuni ilikuwa imempa kila mfanyakazi nafasi ya kuwaleta wazazi wake bure. Chumba chao kilikuwa Jumamosi hiyo hiyo. Alikuwa ameshaandikisha majina.

Nthenya alimwambia mumewe kwamba haiwezekani, kwamba mzee anangoja. Ndolo akamwambia mbuzi hawaozi, wala Mutomo haihami. Wiki moja tu, alisema. Yeye mwenyewe angempigia simu Musyimi, kakake Nthenya anayeishi na mzee, ambembeleze. Nthenya akajikaza. Mtoto ni wake, zawadi ni ya mtoto, na mkono unaotoa haupigwi. Mchana wa Ijumaa akamwachia jirani mbuzi, akavaa rinda lake la kanisa, wakaondoka.

Meli ilikuwa nyeupe, ya ghorofa mbili, na kitandani mwao taulo lilikuwa limekunjwa likatengenezwa bata. Ndolo alipiga picha bata huyo, akapiga picha choo, akapiga picha kila sahani iliyoletwa. Ghuba ilikuwa nzuri, hilo Nthenya hakulikana. Kulikuwa na visiwa vidogo vya mawe vilivyoliwa na maji kwa chini mpaka vikawa kama uyoga, na mikoko iliyosimama na mizizi yake hewani, na ndege weupe waliopita bila haraka. Aliyatazama maji yale yote akafikiria punda wa Mutomo wanaotembea nusu siku kwa mtungi mmoja. Halafu akafikiria kama jirani amekumbuka kuwanywesha mbuzi.

Jua lilipokuwa likizama, meli ikazima injini katikati ya visiwa. Ndolo akamshika mkono. Hakuwa amemshika mkono mbele ya watu tangu wazaliwe watoto. Nthenya aliona moyo wake unalainika, akajiambia huenda amemlaumu kupita kiasi, huenda mtu huyu ni mzito tu wala si mbaya. Alikuwa karibu kabisa kumsamehe. Hilo ndilo linalomuuma hadi leo kuliko yote yaliyofuata.

Baada ya chakula cha jioni mshereheshaji alishika maikrofoni akataka kujua ni mke na mume gani waliokaa pamoja miaka mingi kuwazidi wote. Ndolo alikuwa ameshasimama kabla swali halijaisha. Akapewa maikrofoni, na mpe shemasi maikrofoni uone.

Alisimulia alivyokuwa kijana asiye na kitu ila nguvu zake. Alivyochoma makaa mpaka akapata mbuzi watatu. Alivyofika Athi akaukuta umefurika, watu wakimwambia arudi, naye akawavusha mbuzi wake mmoja mmoja mabegani, maji yakimfika kifuani. Akatia na mamba. Mto uliomshinda miaka yote akiwa Kalamba, sasa aliuvuka mara tatu akiwa amekula samaki na kachumbari.

"Nikafika Mutomo nimelowa kama kitambaa," alisema, na sauti ikamtetemeka kweli. "Mzee Muthama akanishika mkono akaniambia, binti yangu nimekupatia, kwa sababu maji haikukushinda."

Watu wakapiga makofi. Kina mama wa Nairobi wakapangusa machozi. Mshereheshaji akamgeukia Nthenya akamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

Nthenya aliinua macho akutane na ya mumewe, yakakutana na ya Mbinya. Binti alikuwa amesimama kando ya mlango na sare yake, sinia kwapani, simu mkononi akirekodi, na mashavu yake yamelowa. Hakuwa amewahi kuisikia hadithi hiyo. Ilikuwa haijatungwa. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamemzunguka, mmoja amemshika bega. Nthenya akainamisha kichwa mara moja, kukubali, na makofi yakaanza upya.

Chumbani alimuuliza mumewe aliuvuka Athi lini. Ndolo alikuwa akivua viatu.

"Mama Mbinya, hizo mbuzi si ziko nyumbani?" alisema. "Nimeshanunua. Kupeleka ni kitu ya siku moja. Mimi nimesema tu mapema."

Akamsogeza bata wa taulo, akalala. Nthenya akamsikiliza akikoroma, na chini yake maji yakigonga mbao za meli, mpaka kukapambazuka.

Asubuhi wageni walipanda juu kutazama jua likichomoza. Alisimama karibu na Kinsi, mke wa Roble, mfanyabiashara wa mifugo wa Garissa, ambao jana walikaa meza ya pili. Kinsi alikuwa mtu mpole, na hadithi ile ilikuwa imemgusa. Alimwambia kuwa ngamia waliotolewa kwa ajili yake anawajua mpaka leo kwa majina. Akataka kujua mbuzi wa Nthenya walikuwa wa rangi gani. Nthenya akamwambia bila kusita: mmoja wa kahawia mwenye sikio moja jeupe, mmoja mweusi, mmoja wa madoadoa. Kinsi akafurahi jinsi anavyowakumbuka. Akauliza huyo mwenye sikio jeupe alizaa wangapi huko kwa baba yake. Nthenya akageuka upande akasema upepo wa bahari unamuumiza macho.

Walipotia nanga gatini, simu ya Nthenya ikapata mtandao, ikalia. Alikuwa Musyimi, na hakumsalimu.

"Mlikuwa wapi jana? Mzee amekaa nje na ile koti aliweka ya siku ya mbuzi zako, kutoka asubuhi. Amekataa kula, ati atakula na wageni."

Ndolo hakuwa amempigia mtu simu. Alipoulizwa alijipiga kipaji cha uso akasema, hivi alikuwa na mambo mengi, hata ilimtoka.

Video ya Mbinya ilifika Kalamba kabla yao. Jumapili kundi la kanisa zima lilikuwa nayo, na kabla ya wiki kwisha ilikuwa imevuka Athi kwa urahisi ambao mbuzi hawakuupata. Musyimi alimchezea mzee ile sauti. Kisha akampigia Nthenya kumwambia kwamba mzee ameisikiliza mara mbili, akauliza siku hiyo ya mto yeye alikuwa amelala wapi hata asikumbuke. Halafu akauliza Nthenya alisema nini. Musyimi alimwambia ukweli, kwamba amekubali kwa kichwa.

Sasa ungedhani Ndolo angewakimbiza mbuzi Mutomo usiku na mchana. Wapi. Sifa zilikuwa zimemshibisha. Washarika walipokuja kutazama picha za meli, yule mweusi akachinjwa, kwa kuwa wageni hawawezi kula picha. Wa madoadoa akachinjiwa wageni wa kanisa kutoka mji wa Wote. Mwenye sikio jeupe akauzwa, Ndolo akisema mmoja hawezi kwenda peke yake kama yatima. Kila mara Nthenya alisema neno, na kila mara aliambiwa wengine watanunuliwa. Ahadi ni deni, lakini kuna watu wanaozaliwa bila kuogopa deni.

Desemba wakaja wakwe. Mchumba wa Mbinya ni Mulwa, fundi wa malori pale Mtito Andei, kijana asiye na maneno. Alikuja na wazee wake na mbuzi watatu ndani ya pikapu. Desturi yetu inajua kujilinda: mbuzi wa binti hawafungwi kwa baba ambaye hakuwapeleka wa mama. Wanapitishwa, wanakwenda kwa babu wa upande wa mama, kwa sababu mama huyo hajaondoka kwao, na binti yake ni wa huko. Kwa hiyo kabla pikapu haijafunguliwa, mzee wa ukoo huuliza. Siku hiyo aliuliza akitabasamu, kwa kuwa hata yeye alikuwa ameitazama video.

"Mama Mbinya, tunauliza tu kwa sababu ni lazima. Mbuzi zako zilivuka?"

Ndolo alikuwa amevaa suti. Alimtazama mkewe kwa macho yale yale ya melini, ya mtu anayengoja makofi.

"Hazikuvuka," Nthenya alisema. "Hata mguu mmoja."

Ndolo akacheka kidogo, akasema mama amechoka, ni furaha ya siku. Hakuna aliyecheka naye. Mbinya ndiye aliyetoka kwa kina dada, uso umemvimba.

"Mum, lakini ulikubali. Mimi nilikuona."

"Nilikubali kwa sababu ulikuwa umesimama pale na sinia, na watu wako wanakuangalia," Nthenya alimjibu. "Nisamehe. Sikutaka uaibike. Lakini leo nikinyamaza, babu yako ndiye ataaibika, na yeye hajafanya kitu."

Mbinya aliingia ndani akafunga mlango. Mzee wa ukoo akainua fimbo yake, akaielekeza mashariki, upande wa Mutomo, na hapakuwa na cha kujadili. Ndolo alibaki kwenye kiti na suti yake, na wale waliomsifu kwa mto sasa walikuwa wakihesabu vidole vyao vya miguu.

Nthenya alipanda pikapu pamoja na Mulwa. Walipita darajani alasiri. Alichungulia chini akaona Athi, mchanga mwingi na kijito katikati ambacho mtoto angekiruka. Alitaka kulia, akaona ni maji ya bure.

Huko Mutomo Musyimi alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Mzee Muthama alikuwa amekaa nje, na koti lake la kijivu amelifunga mpaka shingoni, joto lote lile. Mbuzi wakashushwa, wakaletwa mmoja mmoja mbele yake. Aliwapapasa masikio, akawapapasa migongo, akawashika miguu. Uso wake ukaanza kufunguka, na Nthenya hakuweza kuuachia uendelee.

"Ni za Mbinya, Nau," alisema.

Mkono wa mzee ulisimama juu ya mgongo wa mbuzi.

"Za Mbinya nimepokea. Abarikiwe na huyo kijana," alisema. "Na zako, Nthenya? Zako zimefika wapi?"

Zaidi ya miaka thelathini jibu lilikuwa moja, na lilikuwa limeshafika ulimini. Nthenya alilimeza.

"Zimeliwa, Nau."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kuona ni sawa. Akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akampa Musyimi akamwambia alirudishe kwenye sanduku.