Mtani Alikuja na Tepu

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili, hapa Mafinga, aliniuliza kama ile "joking" ya Waingereza ndiyo utani wetu. Nikamjibu ndiyo, kengele ikalia, nikaenda zangu kunywa chai. Lakini jibu lile liliniwasha. Mwingereza akikwambia anatania, amesema neno la mdomoni tu, na ukitaka kumkasirikia hakuna wa kukuzuia. Huku kwetu utani una wenyewe. Hutanii kila mtu, na aliye mtani wako huna ruhusa ya kumnunia hata akivuka mpaka. Sisi Wahehe na Wangoni tulipigana enzi za mababu mpaka tukachoka, kisha tukabaki kuitana watumwa na kutukanana kwa upendo.

Siku zile utani nilikuwa nauhitaji kuliko dawa. Baba alikuwa ameanguka na kuvunjika paja, wakamfanyia upasuaji, wakamwekea chuma. Daktari alisema waziwazi kwamba asipoanza kutembea kwa magongo mapema, mguu utakakamaa na atabaki kitandani maisha yake yote. Baba aliyatazama yale magongo mara moja, akageukia ukutani. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashine za mbao tangu ujana wake, akinyanyua magogo, na hakutaka majirani wamwone akichechemea.

Tulimbembeleza. Mama alimpikia kila alichowahi kukipenda. Mchungaji alikuja akaomba, baba akasema amina, akajifunika blanketi. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Mbeya, mtu wa adabu, ambaye mbele ya mkwewe hata kukohoa anaona ni utovu wa nidhamu. Yeye alikuwa akiingia, anaamkia, anatoka kinyumenyume. Mimi sina subira hiyo, lakini mtoto hamfokei baba yake.

Mwishowe nikampigia simu mtani wake, fundi seremala wa Kingoni aliyefanya naye kazi miaka mingi.

"Anakula?" akaniuliza.

"Kidogo."

"Anagomba?"

Nikamwambia hagombi tena. Akasema, "Kesho nakuja, mwanangu."

Alikuja asubuhi, ukungu haujaisha, akaanza kulia tangu getini kama mtu aliyefika msibani. "Yuko wapi marehemu jamani? Mmeshamwosha?" Hakubisha hodi. Alipita moja kwa moja hadi chumbani, akatoa tepu ya kupimia mfukoni, akaanza kumpima baba juu ya blanketi, kuanzia utosini.

Mume wangu akasimama amtoe. Nikamshika shati. "Kaa. Huyo ni mtani."

"Mtani gani anampimia jeneza mtu aliye hai?"

"Ndiye huyo."

Baba akafungua jicho moja. "Mngoni, toka nyumbani kwangu."

"Marehemu haongei," mtani akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye tepu yake. Akaona kikombe cha uji ambacho baba alikuwa amekikataa, akakigugumia chote. "Wala hanywi." Kisha akanigeukia, uso mkavu kabisa. "Mwanangu, huyu ni mrefu bure, atanimalizia mbao. Mninga sitoi kwa mtumwa wangu. Hata paina naona hasara. Nitampigilia mabanzi tu."

Mabanzi ni yale maganda ya gogo yanayotupwa pembeni mashine ikishapasua mbao. Watu wanajengea mabanda ya nguruwe.

"Mabanzi?" Baba alikuwa ameketi. Sikumwona akiinuka, nilimwona ameketi tu. "Mimi, mabanzi?"

"Na misumari ya kuokota."

Baba akashusha miguu chini. Alinyakua magongo, nadhani kwa nia ya kumpiga nayo, lakini mtani alikuwa ameshafika sebuleni anasifu jinsi mjane alivyo bado kijana. Baba akamfuata. Gongo moja likateleza kwenye sakafu, nikataka kupiga kelele, mama akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Hatua kwa hatua, akitukana kwa Kihehe matusi ambayo sikujua anayajua, baba akafika mlango wa mbele, akasimama ameshika fremu, anahema. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

"Utatangulia wewe," akamwambia mtani, aliyekuwa uani tayari. "Nitakuzika mimi mwenyewe. Na nitacheza juu ya kaburi lako mpaka ndugu zako huko Songea wasikie."

Mtani akamtazama mguu, taratibu, kama anayekagua ubao wenye ufa.

"Kwa mguu upi?"

Mtani akakunja tepu yake, akaenda. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikataka kumshukuru, akakataa. Alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa koti, akasema ni baridi ya Mafinga hii, itamuua kabla ya Mhehe.

Kesho yake, kabla sijaandaa chai, baba aliniita nimpe magongo. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda mpaka getini na kurudi, kwa sababu ana msiba wa kujiandalia.