Buyu Moja kwa Kila Ukurasa

Alhamisi ile mwalimu mkuu aliniomba nizungumze na wazazi dakika kumi tu, juu ya namna ya kumsaidia mtoto kusoma nyumbani. Nilizungumza karibu saa nzima. Nilikuwa nimetoka semina wiki moja kabla, na aliyetoka semina hanyamazi. Niliwaambia wakae na mtoto, wampe muda, wasimfokee na wasimkatize. Akina mama wa Amu, yaani Lamu, walinisikiliza kwa adabu. Mmoja wa mbele, bibi aliyekuja kwa ajili ya wajukuu zake, aliitikia kwa kichwa kila nilipovuta pumzi, nami nikadhani nimemgusa. Alikuwa jirani yangu. Nyumba zetu zinatumia ukuta mmoja, kwa hiyo alikuwa ananijua kuliko nilivyodhani.

Mimi ni mtu wa bara. Nimefundisha Kiswahili hapa mjini miaka kadhaa, na nina binti wa miaka minane ambaye wakati huo alikuwa akisoma kwa kukwamakwama.

Siku hiyo hiyo, baada ya chai ya saa kumi na moja, nilimkalisha na kitabu chake. Akaanza, "Hapo zamani ku..."

"Kuku," nikasema.

Akaangalia kitabu, akaniangalia mimi. "Mama, si kuku. Ni kulikuwa."

Ungetaraji mwalimu aliyetoka semina acheke na kuomba radhi. Mimi nilimwambia, "Kama unajua, mbona husomi?"

Akaendelea kwa sauti ndogo. Kila alipofungua mdomo nilikuwa nimeshamaliza neno. Mstari wa tano alifunga kitabu akasema tumbo linamuuma. Hapo nikapaza sauti. Nilisema mimi ni mwalimu mzima, wazazi wote wananitegemea, na mtoto wangu mwenyewe ananiaibisha. Madirisha yalikuwa wazi. Kichochoroni nikasikia ndara za mpita njia zikisita, kisha zikaendelea polepole, kama za mtu anayetembea kwenye nyumba yenye msiba. Binti yangu alikuwa analia bila kutoa sauti, na hilo ndilo lililoninyamazisha.

Jumamosi asubuhi nikipita mlangoni kwa jirani yangu, aliniita. Hutengeneza mabuyu ya sukari, zile mbegu nyekundu za mbuyu za kumumunya, na watoto wa mtaa mzima wanamjua kwa hayo. Alinionyesha baraza.

"Karibu, Mwalimu. Kaa kitako. Yale uliyonena shuleni ni mema."

"Asante, Bi."

"Lakini mwana humpi ndia."

"Njia," nikasema.

Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka na sikuwa na namna ya kuirudisha. Mama huyu na mama zake waliomtangulia walikuwa wakikisema Kiswahili kabla watu wa kwetu hawajasikia kwamba kuna bahari, na mimi, mgeni wa juzi, nimemsahihisha barazani pake. Nilitamani ardhi inimeze.

Hakukasirika. "Naam, hiyo hiyo," alisema. Akangoja kidogo, pengine aone kama nina jingine la kusahihisha. "Pale ukutani nasikia sauti mbili, Mwalimu. Ile isomayo ni yako."

Alichota mabuyu, akayafunga kwenye karatasi, akanitilia mkononi. "Mwana akishika kitabu, tia moja kanwani. Usilitafune, usiliteme, mpaka amalize ukurasa."

Jioni nikatia buyu mdomoni. Binti yangu akasoma mstari wa kwanza, akafika kwenye neno gumu, akasimama. Ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimeliona miezi yote ile: hakutazama kitabu. Alitazama mdomo wangu. Alikuwa amezoea kwamba neno litatoka huko, na kweli lilikuwa likitoka.

"Mama, una nini?"

Nikamwonyesha kitabu kwa kidole. Mate ya uchachu yakajaa. Alingoja, nami nikangoja, nikiwa nimeshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Mwisho akainamia ukurasa. "M... mcha... mchwa," akasema. Nilitaka kumwambia vizuri sana, lakini hata hilo sikuruhusiwa. Ukurasa ule mmoja ulichukua muda mrefu hata buyu likabaki mbegu tupu na nikalazimika kutia la pili.

Jumatatu, darasani kwangu, mtoto mmoja aliinua mkono kwa heshima akauliza kama nimeumia, maana ulimi na meno yangu yalikuwa mekundu. Nilisema sijaumia, endelea kusoma. Akaanza sentensi, nami nikamsaidia kuimaliza. Niligundua nilichofanya alipokuwa ameshakaa. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi hata wagonjwa wa watu nilikuwa nawaambukiza. Nilimwomba asimame tena, nikakaa dawati la nyuma, nikafunga mdomo kwa kiganja.

Sitasema binti yangu amekuwa wa kwanza darasani. Mwisho wa muhula mwalimu wake aliandika kwamba anajitahidi na anajisahihisha mwenyewe. Mpaka leo husoma "alienda" palipoandikwa "alikwenda", na kuacha lipite hunigharimu sana. Kwa jirani nilirudi kuomba radhi kwa lile neno "ndia". Alisema ameshalisahau, kisha akaniuliza kwa upole kama nimejifunza kulitamka.

Wiki iliyopita nilikaa karibu na binti yangu kama kawaida, mdomo umejaa. Alisoma kurasa mbili, akaniangalia, akasema, "Mama, unaweza kwenda. Unapumua kwa nguvu."

Nikaenda kuosha vyombo.