Mama wa Chisense na Ukurasa Wangu wa Jumatatu

Habari ya msiba ilinikuta Alhamisi asubuhi sokoni Kashikishi, nikiwa nimeinamia mashine yangu ya fotokopi na kuibembeleza itoe karatasi iliyokwama tumboni mwake. Fundi cherehani wa meza ya jirani alikuja akasimama pembeni, kisha akaniambia kwamba yule mama wa Kikongomani anayeuza chisense, vile visamaki vyetu vidogo vya kuanika, amefariki hospitalini kwa presha. Tulitazamana. Machozi yalikuwa tayari, naapa, lakini fundi akanong'ona, "Sasa nani atakuya kutusumbua na masomo?" Hapo tukaanza kucheka, watu wazima wawili, mpaka wateja wakatusogelea kuuliza kuna nini. Wasomaji wangu wa kila wiki mnisamehe. Nimejaribu mara mbili kuiandika safu hii kwa huzuni inayostahili, na mara zote mbili kicheko kimenishinda.

Marehemu alivuka Ziwa Mweru kutoka Kongo kuja huku kwetu Zambia miaka mingi iliyopita akifuata biashara, akaweka makazi Nchelenge na kumzaa binti mmoja. Binti alizaliwa na miguu isiyombeba na mgongo usiomruhusu kukaa kwenye benchi hata kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Shule ya masista ina mpango kwa watoto wa namna hiyo. Mtoto anaandikishwa kama wenzake na kushonewa sare, ila darasa linamfuata nyumbani: kila Ijumaa mzazi anachukua bahasha ya masomo, Jumatatu anaanza kufundisha, na mwisho wa mwezi sista anakuja kupima. Sharti ni moja tu, kwamba nyumbani awepo mtu anayejua kusoma. Marehemu alipoulizwa kama anajua, alijibu ndiyo kabla swali halijaisha, kisha akalalamika kwamba bahasha yenyewe ni nyembamba. Ukweli ni kwamba hakujua hata herufi moja. Akigundulika, mtoto angefutwa, na kutoka kwetu hadi Puta hakuna shule nyingine ambayo ingempokea.

Basi akalifanya soko zima kuwa macho yake. Kwangu alikuja Jumatatu akasema miwani yake imevunjika. Nikamsomea ukurasa mmoja wa Kibemba, nikamfafanulia kwa Kiswahili. Akasikiliza amefumba macho, akarudia kila neno, akaenda zake. Nilivimba kichwa. Nilidhani katika soko lote mimi peke yangu ndiye niliyeaminiwa. Sikujua kwamba fundi cherehani naye alikuwa na ukurasa wake, kwa kuwa eti kibandani kwake kuna mwanga mzuri, wala kwamba muuza dawa alikuwa anasoma hesabu kwa sauti kila wiki kwa sababu mama alitilia shaka, mbele ya wateja, kama kweli alimaliza shule. Kwa miezi minane nilimsomea bila kujiuliza kwa nini sijawahi kuiona hiyo miwani usoni pake, si mizima wala iliyovunjika.

Na alifundisha, msidhani alikuwa anacheza. Nusu na robo alizifundisha kwa vikombe vya chisense, na majirani waliokuwa wakisikiliza dirishani nao wakazijua. Siku moja nilimsomea ukurasa wenye picha ya samaki, akaishika karatasi, akaigeuza, akaisogeza juani, akakasirika. Mapezi yalikuwa yamechorwa mahali ambapo samaki hana. Alichagua mpale mnono, yule perege wa ziwa letu, kutoka kwenye beseni la jirani, akaenda nao moja kwa moja hadi ofisini kwa sista, akaulaza juu ya meza penye makaratasi. "Samaki njo hii," akasema. "Ile ya kitabu, nani aliivua?" Sista, ambaye alisimulia mkasa huo mwenyewe, alimsifu mbele ya walimu wote kuwa ni mwalimu makini kuliko baadhi yao. Marehemu alipokea sifa hizo bila kupepesa jicho.

Arobaini zake zilifika sista alipomtembelea akiwa na ukurasa mpya, ambao sokoni hakuna aliyekuwa ameuona, akamwomba aufundishe palepale. Mama akasema koo limekauka, akachukua ndoo kwenda kuchota maji, akakimbia mpaka kwenye meza yangu na ule ukurasa ameuficha ndani ya kitenge. Niliponyoosha mkono, fundi cherehani akainuka akisema hapana, ukurasa huo ni wake, yeye ndiye anayemsomea mama siku zote. Muuza dawa akavuka njia kuja kudai haki yake. Tukazozana watu watatu, kila mmoja akijitangaza kuwa ndiye pekee, mpaka tulipoona kwamba nyuma ya mama amesimama sista, ameshika ile ndoo ambayo mama alikuwa ameiangusha njiani. Mama hakukana. Alimwambia kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: "Sista, usifute mutoto. Futa miye."

Sista aliupokea ukurasa kutoka kwake. Alirudi nyumbani kwa mama, nasi tukamfuata, akampa binti ule ukurasa. Binti akausoma wote akiwa amelala ubavu, bila kukwama, kwa maana miezi yote hiyo alikuwa akilinganisha maneno ya mama na maandishi, kisha akaanza kuueleza huku akiomba aletewe kikombe cha chisense. Sista akasema sharti linataka nyumbani awepo mtu anayejua kusoma, na yeye amekwisha kumwona. Ijumaa iliyofuata zilitoka bahasha mbili: moja ya binti, ya pili ya darasa la kwanza kwa ajili ya mama, na mwalimu wa mama akawa binti. Jamani, mtoto yule hakuwa na huruma. Tulimwona mama akiacha wateja katikati ya bei, akifunga beseni mbio, akituambia, "Mwalimu yangu eko mukali, atanisimamisha." Baada ya mwaka alijua kuandika jina lake, akaliandika kila mahali, pamoja na kwenye kifuniko cha mashine yangu ya fotokopi, na nilipolalamika akaniuliza kama nimeona kosa.

Mimi naishi kwa kusoma na kuandika. Watu huniletea barua zao, nami huzisoma kwa sauti ya mtu mwenye mali yake. Mwanamke huyu alinifundisha kwamba nilichokuwa nacho ni ukurasa mmoja tu, na kwamba kurasa nyingine zilikuwa kwa majirani zangu, ambao sikuwahi kuzungumza nao habari yoyote zaidi ya mvua na bei.

Tulimzika Jumamosi. Baada ya mazishi tulimkuta mdogo wake wa kike, aliyefika kutoka Mununga, akifunga mizigo ya binti. Alitaka kwenda naye kwenye kambi ya wavuvi, ambako bahasha za masista hazifiki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anauliza nani atamwogesha na kumlisha huyu mtoto, na sisi, pamoja na usomi wetu wote, tukaanza kuzungumza habari za mvua. Ndipo binti alipomwita sista kutoka kwenye mkeka wake.

"Sista, Ijumaa ulete tu anvelopi mbili," akasema. "Mama mudogo naye hajue kusoma."

Msiba mzima ukageuka kumtazama mama mdogo. Kwanza akakasirika. Kisha midomo ikaanza kumcheza, akacheka huku machozi yanamtiririka, akakaa chini kando ya mkeka. Mwishowe akaanza kufungua fundo la mzigo, akamuuliza binti darasa linaanza saa ngapi. Kwa hiyo somo ninaloliandika leo si langu, nimelinakili kwake: asiyejua aseme mapema kwamba hajui, kwa maana huenda mwalimu wake yuko humo humo ndani, anamsubiri.